Mtoto Aliyetangulia Darasa Lake: Kumsomesha Nyumbani Dar es Salaam na Kuamua Lini Aende Chuo

Mtoto wa darasa la nne anamaliza kitabu cha Hisabati cha darasa la sita kabla ya likizo ya Juni, kisha anarudi shule kukaa kwenye dawati la watu watatu akisubiri wenzake wanakili ubaoni. Mwalimu hana kosa. Ana wanafunzi wengi mno, na huyu mmoja hamsumbui. Mwaka wa kwanza mtoto anasubiri kwa utulivu, wa pili anaanza utundu, wa tatu anakata tamaa kimyakimya, na wazazi wanashangaa matokeo yanaposhuka. Ndipo swali linapoingia nyumbani: tumsomeshe wenyewe? Na akifika kidato cha sita akiwa na miaka 15, tumpeleke chuo kikuu?

Msimamo wangu nautaja mapema ili usiupate katikati ya maelezo. Mtoto wa namna hii anastahili kwenda kwa kasi yake, na kuna njia halali za kumfikisha. Lakini miaka anayookoa ni mali yake mwenyewe, na mara nyingi faida kubwa ya mali hiyo ni kusoma kwa kina zaidi. Kuiwahisha tu tarehe ya kuingia chuo ni matumizi duni ya miaka hiyo. Kwa hapa Dar es Salaam, naona miaka 16 hadi 17 ndiyo inayowafaa wengi wao. Chini ya hapo inawezekana, ila yapo mambo ya kuyapima kwanza, na mengi hayahusu akili ya darasani.

Hatua ya 1: Pima, usikisie

Usikimbilie vipimo vya akili vya mtandaoni. Tunayo mitihani ya Baraza la Mitihani (NECTA) ya miaka iliyopita: darasa la nne, darasa la saba, kidato cha pili, kidato cha nne. Chukua mtihani wa ngazi iliyo juu ya darasa lake, mkalishe mezani, weka saa, usimsaidie. Akipata zaidi ya 80 kwa 100 bila kufundishwa, mpandishe ngazi nyingine. Endelea mpaka aanguke karibu na nusu. Hapo ndipo masomo yake yanapotakiwa kuanzia.

Fanya hivyo kwa kila somo peke yake. Karibu kila mara utakuta mtoto hayuko sawa pande zote: Hisabati yuko kidato cha pili, Sayansi darasa la saba, na insha anaandika kama mtoto wa umri wake, kwa sababu ni mtoto wa umri wake. Matokeo haya yaandike kwenye daftari. Ndiyo yatakayokuzuia baadaye usimrushe madarasa matatu kwa masomo yote kwa kuwa tu hesabu zake zinang'aa.

Tofautisha pia mtoto mwepesi na mtoto aliyekaririshwa. Tuisheni za mjini zinaweza kumfanya mtoto wa kawaida aonekane wa ajabu kwenye maswali aliyoyazoea. Badilisha sura ya swali: badala ya kumwuliza eneo la mstatili, mpe eneo na mzingo, mwambie atafute pande zake. Aliyekaririshwa atasema hajafundishwa. Mwepesi atatulia, atachora, atajaribu, atakosea, atajaribu tena. Huyo wa pili ndiye mwongozo huu unamhusu.

Hatua ya 2: Sheria na karatasi

Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu ushauri mwingi wa mitandaoni umetoka Marekani, ambako kusomesha nyumbani ni halali katika majimbo yote 50. Kwetu hali ni tofauti. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka kila mtoto wa miaka 7 hadi 13 aandikishwe shule ya msingi na ahudhurie mpaka amalize, na mzazi ndiye anayebeba wajibu huo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeongeza uzito: elimu ya lazima inakuwa miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Usijitungie ruhusa ambayo sheria haijakupa.

Basi mtu anafanyaje? Kwa umri wa shule ya msingi, njia salama ni mtoto kubaki ameandikishwa shuleni huku masomo yake halisi yakiendelea nyumbani: jioni, Jumamosi na likizo. Ongea na mwalimu mkuu kwa adabu na ukiwa na ushahidi, yaani ile mitihani uliyomfanyisha. Omba mambo mawili mahususi. La kwanza, aruhusiwe kusoma kitabu chake akimaliza kazi ya darasa. La pili, ikiwezekana, arushwe darasa moja. Ombi la kurushwa liandike kwa barua na lifike kwa afisa elimu wa halmashauri yako, iwe Jiji la Dar es Salaam (Ilala ya zamani), Kinondoni, Ubungo, Temeke au Kigamboni. Ukikubaliwa kwa mdomo tu, siku mwalimu mkuu akihamishwa huna kitu. Shule ndogo za binafsi mara nyingi ni nyepesi zaidi kwenye hili, kwa kuwa darasa lina watoto wachache na mwalimu anamjua kila mmoja.

Akishamaliza elimu ya msingi, zipo njia ambazo hazimlazimu kuvaa sare kila asubuhi. Nitazieleza kwenye hatua inayofuata. Ila kwa kuwa sera mpya inaihesabu sekondari ya chini kuwa elimu ya lazima, rudi kwa afisa elimu umweleze mpango wako kabla ya kumtoa mtoto kwenye mfumo wa shule, na mlichokubaliana kiwe kwenye maandishi.

Kuhusu karatasi, fungua faili moja na usiliache lipotee. Liwe na cheti cha kuzaliwa cha RITA, namba yake ya PReM (namba ya utambulisho wa mwanafunzi) aliyopewa shule ya msingi, matokeo yote ya NECTA, barua zote za shule na halmashauri, na nakala ya kila mtihani wa maana aliowahi kuufanya. Hakikisha jina ni lilelile, kwa herufi zilezile, kwenye kila karatasi. Mtoto anayeitwa Mohamed kwenye cheti cha kuzaliwa na Mohammed kwenye cheti cha kidato cha nne atazungushwa miaka baadaye kwenye viapo vya majina, wakati ambao wenzake wanajaza fomu za udahili.

Hatua ya 3: Chagua ngazi atakayopanda

Kumfundisha ni jambo moja, cheti ni jingine. Vyuo vyetu havitapima kipaji cha mtoto kwa maelezo ya mama yake. Ngazi ziko tatu.

Ya NECTA ndiyo ya bei nafuu na inaeleweka kila mahali. Mtoto aliyemaliza msingi na hajapitia kidato cha pili shuleni anafanya Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT. Akifaulu, anajisajili kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kwenda kidato cha sita kwa njia hiyohiyo anahitaji angalau krediti tatu, yaani C au zaidi kwenye masomo matatu. QT na kidato cha nne hufanyika Novemba, kidato cha sita Mei. Usajili hufanyika miezi mingi kabla, kwenye vituo vilivyoidhinishwa, kwa hiyo kwa QT na kidato cha nne, Januari inapoanza uwe tayari umesoma tangazo la NECTA la mwaka huo, na la kidato cha sita ulifuatilie mwaka wa kabla ya mtihani. Chagua kituo chenye maabara hai kama mtoto ni wa sayansi. Vipo vituo vingi mjini vyenye ubao na viti tu.

Ya Cambridge, yaani mitihani ya kimataifa ya Uingereza, ni ghali, kwani kila somo lina ada yake, lakini ina faida mbili kwa mtoto wa aina hii. Mitihani ipo Mei na Juni, kisha Oktoba na Novemba, na mtoto anaweza kufanya somo moja moja. Mwenye miaka 12 aliyeiva Hisabati anaweza kuifanya peke yake kwenye ngazi ya IGCSE, inayokaribiana na kidato cha nne, halafu akaendelea na mengine taratibu. Uliza British Council, pale katikati ya jiji, kuhusu watahiniwa binafsi. Kwenye sayansi za IGCSE, Fizikia kwa mfano, kuna karatasi ya sita inayopima maarifa ya vitendo kwa maandishi, na inamfaa asiye na maabara. Kwenye AS na A level, zinazokaribiana na kidato cha tano na sita, hakuna mbadala huo: karatasi ya tatu ya Fizikia, Kemia na Biolojia ni vitendo vya kweli mbele ya vifaa. Tafuta shule yenye maabara itakayompokea mapema, mwaka mzima kabla. Na kabla ya kuchanganya matokeo ya misimu tofauti, nenda NECTA ukaulize utaratibu wa ulinganifu wa vyeti, kwa sababu bila ulinganifu huo Cambridge yake haitatambulika kwenye udahili wa hapa.

Ngazi ya tatu wazazi wa watoto wenye akili huidharau, nami naona wanakosea. Ni diploma. Mwenye kidato cha nne na ufaulu wa masomo manne anaweza kuingia chuo kilicho chini ya NACTVET (baraza la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi), asome miaka mitatu kutoka ngazi ya nne hadi ya sita, kisha aombe shahada kwa GPA (wastani wa alama) ya 3.0 au zaidi. Mtoto anayependa kufungua redio na kuunganisha nyaya, akiwa DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) pale makutano ya Barabara ya Morogoro na Bibi Titi, atashika vifaa ambavyo mwenzake wa kidato cha tano ataviona kwenye picha. Ana miaka ya kutosha, kwa hiyo mitatu ya diploma haimcheleweshi.

Kujua mlango wa mwisho unahitaji nini husaidia kuchagua. Kwa kidato cha sita, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inataka kwa kawaida ufaulu wa masomo mawili yanayohusika na kozi, jumla pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Udaktari wa binadamu unataka Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu. Mtoto anayesema tangu ana miaka kumi kwamba atakuwa daktari asiruhusiwe kuiacha Fizikia kwa sababu haimfurahishi.

Hatua ya 4: Siku na wiki zake

Saa tatu hadi nne za kazi nzito kwa siku zinamtosha mtoto wa miaka 11 anayesoma peke yake na mtu mmoja. Shule inachukua saa nane kwa sababu kuna foleni ya kila kitu. Ukijaza saa nane nyumbani utamchosha, na utachoka wewe kabla yake.

Lugha ndiyo inayoangusha watoto wenye akili kuliko Hisabati. Aliyesoma msingi kwa Kiswahili anaingia sekondari ambako karibu kila kitu ni Kiingereza, na mtoto anayekwenda haraka anakutana na ukuta huo akiwa mdogo zaidi. Nimeona watoto wanaoelewa mada ya nishati vizuri kuliko mwalimu wao wa tuisheni, lakini swali likiandikwa kwa Kiingereza chenye sentensi ndefu wanaandika upuuzi. Mwaka mmoja kabla ya kugusa silabasi ya kidato cha kwanza, mwekee kusoma Kiingereza kila siku: hadithi kwanza, magazeti baadaye, kisha vitabu vya sayansi. Aeleze kwa Kiswahili alichosoma kwa Kiingereza, na kesho yake kinyume chake. Usikiache Kiswahili. Ni somo la mtihani, na zaidi ya hapo ndiyo lugha anayofikiria akiwa amekwama.

Vitabu si lazima uvinunue vyote. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vinavyosomeka bure, na ndimo mitihani inamotungwa. Angalia toleo: mtaala mpya umeanza kuingia kwa awamu tangu Januari 2024, na una mambo ambayo ya zamani hayana, kama somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Mazoezi ya Hisabati yako Khan Academy bila malipo. Kwa aliyefika juu kabisa, MIT OpenCourseWare, tovuti ya chuo cha MIT cha Marekani, inaweka wazi mihadhara na mitihani ya chuo. Bando likiwa tatizo, pakua vitu vya wiki nzima kwa siku moja. Na umeme ukikatika, daftari na kalamu havikatiki: mtoto mwenye uwezo anatakiwa aweze kukaa na swali moja gumu saa nzima bila skrini.

Mpeleke maktaba. Maktaba Kuu ya Taifa iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed tangu 1967, na ukimya wa pale unamfundisha mtoto kukaa na kitabu kuliko maneno yako. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, iliyofunguliwa Novemba 2018 ikiwa na nafasi ya watu 2,100, ni jengo ambalo mtoto akiliona tu anaelewa chuo ni nini. Uliza utaratibu wa wageni kabla ya kufika.

Uandishi nauwekea mkazo wa pekee. Kila wiki aandike kitu kimoja kirefu: ripoti ya jaribio alilofanya jikoni, insha ya hoja, maelezo ya kitabu. Mtu asiyekuwa mzazi akisome na kukisahihisha kwa kalamu nyekundu. Watoto hawa wamezoea kupata vyote, na wengi wanakutana na kosa lao la kwanza wakiwa chuoni, ambako linauma zaidi. Akutane nalo nyumbani akiwa na miaka 12, ajifunze kuandika upya.

Hatua ya 5: Watu

Anayesomea nyumbani anahitaji watu wa aina mbili, na wazazi wengi wanakumbuka aina moja tu.

Kwanza watoto wa rika lake, wa kucheza nao na kugombana nao: timu ya mpira ya mtaani, madrasa, kwaya, skauti, binamu wa Mbagala wikiendi. Huko asiwe "profesa". Ukimtambulisha kwa sifa za mitihani, unamtenga nao.

Pili, mtu mzima anayejua somo lake kuliko wewe. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa Hisabati anayetafuta kazi ya tuisheni atamfaa mtoto wa kidato cha tatu kuliko mwalimu wa kukaririsha. Mkutane sebuleni, mlango wazi, mzazi yupo. Hili silirudii wala sililegezi.

Mashindano nayo yaweke kwenye hesabu zako. Young Scientists Tanzania hupokea miradi ya wanafunzi wa sekondari. Olimpiadi ya Hisabati ya Kimataifa ina masharti ambayo wazazi wenye haraka hawayajui: mshiriki awe chini ya miaka 20 na asiwe ameshaingia chuo kikuu. Ukimwingiza mtoto wako chuo akiwa na 14, umemfungia mlango huo na mingine ya namna hiyo. Shule za vipaji maalumu kama Kibaha, Ilboru, Mzumbe na Kilakala nazo zifikirie kwa uzito kwa kidato cha tano na sita. Kuna watoto waliosoma nyumbani miaka yote ambao kwa mara ya kwanza walikutana na wanaowazidi walipofika shule za namna hiyo, na hilo liliwasaidia sana.

Hatua ya 6: Lini chuo?

Tuanze na hesabu. Kwa mfumo mpya, mtoto anayeanza darasa la kwanza na miaka 6 anafika mlango wa chuo akiwa na karibu 18. Mtoto wetu akimaliza msingi na 12, akafanya QT Novemba akiwa na 13, kidato cha nne akiwa na 14, kidato cha sita Mei akiwa na 16, ataingia chuo mwaka huohuo. Ameokoa miaka miwili, na hakuna aliyemkimbiza. Akirushwa darasa msingi, anafika na 15. Unaona basi kwamba 15 hadi 16 inafikika bila ujasiri wa ajabu. Kinachobaki ni kama inafaa.

Wanaotetea kuwahi chuo hutaja ushahidi wa nje, nao si wa kubeza. Julian Stanley alianza mwaka 1971, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kuwafuatilia vijana wenye uwezo mkubwa wa Hisabati, na kwa ujumla waliosogezwa mbele wameendelea vizuri maishani. Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle kimekuwa kikipokea vijana wadogo tangu 1977. Lakini tazama namna wanavyopokelewa: wanaingia kama kundi, wana mwaka wa maandalizi, wana walezi na chumba chao. Mtoto wako akienda Mlimani na miaka 14 atakuwa peke yake kwenye ukumbi wa mamia, na mhadhiri hatajua kwamba yupo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mwanahisabati Terence Tao wa Australia. Alianza kuhudhuria masomo ya Hisabati ya chuo akiwa bado sekondari, somo kwa somo, akilala kwao. Alipofika miaka 14 ndipo akaingia chuo kikamilifu, na udaktari wa falsafa aliupata Princeton mwaka 1996. Wazazi wake hawakumkurupusha. Waliacha Hisabati itangulie na mengine yafuate kwa mwendo wake.

Sasa pima mtoto wako kwa mambo haya, kwa mpangilio ninaouona kuwa wa uzito.

Je, anaomba msaada? Hili ndilo la kwanza kwangu. Mtoto aliyezoea kujua kila kitu huona aibu kuuliza. Chuoni hakuna atakayemfuata. Kama kwa miezi sita iliyopita hujamwona akimwendea mtu mzima asiye wa familia na kusema "hapa sijaelewa", bado.

Je, anamaliza kazi isiyompendeza? Kila shahada ina kozi za kuchosha. Anayesoma kwa moto kile anachokipenda tu ataanguka kwenye kozi za lazima, na wakati wa matokeo sapu (mitihani ya marudio) hazimwulizi mtu kama alikuwa na kipaji.

Je, anaweza kutoka Gongo la Mboto hadi Mlimani peke yake, akabadilisha daladala, akafika saa moja na nusu asubuhi, akala, akatunza simu na nauli, akarudi salama? Mwendokasi na daladala vya Dar saa za jioni si mahali pa kujaribia kwa mara ya kwanza siku ya mtihani. Mzoeshe mwaka mzima kabla.

Je, ameambiwa waziwazi kuhusu mwili wake na watu wazima? Darasani atakaa na watu wa miaka 22 na zaidi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu mtoto kila aliye chini ya miaka 18, hata awe na kitambulisho cha chuo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inaifanya rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai. Binti na kijana wa kiume wote wajue maneno haya kwa Kiswahili kisicho na mafumbo, na wajue wa kumpigia simu.

Na mwisho, nani anataka chuo? Mwulize akiwa peke yake, mahali ambapo jibu lolote halitaleta karipio. Akisema anataka kwa sababu baba ameshawaambia watu kanisani, ahirisha.

Hatua ya 7: Muhula wa majaribio nyumbani

Kabla ya kujaza fomu yoyote, fanya jaribio moja. Chagua kozi moja ya kweli ya mwaka wa kwanza wa chuo, yenye mihadhara na mitihani iliyo wazi mtandaoni. Mpe wiki 15, kama muhula. Wewe usimkumbushe hata mara moja. Atengeneze ratiba yake, akabidhi kazi kwa tarehe alizoandika mwenyewe, afanye jaribio la katikati na mtihani wa mwisho. Sahihisha kwa mgawanyo unaotumika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: kazi za muhula 40, mtihani wa mwisho 60.

Alama ni nusu tu ya jibu. Angalia wiki ya saba, pale upya umeisha na mada zimekuwa nzito. Akiendelea bila kusukumwa, akirudi nyuma mwenyewe kurekebisha alichokosea, una mtoto aliye karibu kabisa. Akizama kwenye michezo ya simu mpaka wiki ya 14 kisha akakesha siku tatu na kupata 85, akili ipo, utayari bado. Hiyo 85 isikudanganye. Chuoni kozi ziko tano au sita kwa pamoja, na mbinu ya kukesha haizitoshi zote.

Kama jibu ni "bado"

Mwaka mmoja au miwili ya kusubiri ukiwa umeipanga haipotei. Kwa mtoto mwenye cheti cha kidato cha sita na miaka 15, napendekeza achukue somo analolipenda na achimbe kuliko silabasi inavyodai: thibitisho za Hisabati badala ya mahesabu, programu anayoiandika mwenyewe mpaka mtu mwingine aitumie, mwaka mzima wa kurekodi mvua na mafuriko ya Bonde la Msimbazi na kuandika ripoti. Ajifunze lugha ya tatu, Kifaransa au Kiarabu. Afundishe watoto wadogo bure jioni mbili kwa wiki, kwani anayeweza kumwelewesha mtoto wa darasa la tano sehemu za desimali ameelewa namba kweli. Ukitaka kujaribu vyuo vya nje, huu ndio mwaka wa SAT (mtihani wa udahili wa vyuo vya Marekani) na insha. Harvard, Yale, Princeton na MIT hupokea waombaji wa kimataifa bila kuangalia uwezo wao wa kulipa, na ushindani ni mkali kiasi kwamba mwaka wa kazi ya kina una thamani kuliko mwaka wa kuwahi.

Kama jibu ni "ndiyo"

Achague chuo cha Dar kwa shahada ya kwanza, alale nyumbani angalau mwaka wa kwanza. Watoto wa mikoani hawana bahati hii, nasi tunayo: Mlimani, Ardhi, Muhimbili, DUCE (chuo kishiriki cha elimu) pale Chang'ombe, DIT, IFM (Chuo cha Usimamizi wa Fedha). Hosteli ije baadaye, akishakaribia 18.

Nenda ofisi ya udahili ana kwa ana kabla dirisha halijafunguliwa, ukiwa na lile faili. Eleza umri wake bila kuficha, uliza kama kozi anayoitaka ina sharti lolote la umri, hasa zile zenye mafunzo ya vitendo hospitalini, viwandani au mashuleni. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA mapema, Bodi ya Mikopo itakitaka. Kumbuka pia kwamba aliye chini ya 18 hawezi kujifunga kwa mkataba peke yake, na kitambulisho cha Taifa hutolewa kwa waliofikisha umri huo. Kwa hiyo laini ya simu, akaunti ya benki na fomu za mkopo vitapita kwa jina lako au kwa udhamini wako. Usingoje wiki ya usajili kuligundua hili.

Mtafutie mtu mmoja ndani ya chuo, mhadhiri au mwanafunzi wa mwaka wa juu mwenye heshima, anayejua umri wake na aliyekubali kumwangalia. Mshauri wa wanafunzi naye apewe taarifa kwa barua.

Muhula wa kwanza asijichomeke kwenye kila klabu. Kila Jumapili jioni kaa naye dakika ishirini na umwulize mambo matatu: kozi gani imekuwa ngumu wiki hii, ulimwuliza nani, na ulikula na nani mchana. Jibu la tatu litakuambia mengi kuliko GPA. Akipata sapu moja, ni jambo la kawaida, asome na airudie. Akionekana kuzama, halali, haongei, usingoje adisko, yaani aondolewe chuo kwa kufeli: zungumza na chuo kuhusu kuahirisha masomo kwa utaratibu rasmi, kwa maandishi, kabla ya mitihani ya mwisho wa mwaka. Akiwa na miaka 16, anaweza kuahirisha mwaka mzima, akarudi na kumaliza pamoja na watu wa umri wake.